Kaye ya Ndeke Themanini na Saba

Mwaka ule nilijipa kazi ambayo hakuna mutu aliniomba. Nilitaka kuona aina mia moja za ndege kabla mwaka haujaisha, hapa hapa kwetu, kuanzia Mununga mpaka pale muto Luapula unapoingia ziwani, na kila aina niione kwa macho yangu mwenyewe. Naandika "ndege" kwa sababu ndivyo vitabu vinavyotaka. Mudomoni mwangu ni ndeke, vile tunavyosema sisi watu wa ng'ambo, wa Kongo, na ni neno hilo hilo lililotaka kunimaliza. Kwa hiyo kuanzia hapa nitaliandika kama ninavyolisema.

Kazi yangu hapa Nchelenge, ziwa likiwa kati yetu na Kongo, ilikuwa kuziba mato, zile mashua za mbao za wavuvi; moja ni bwato. Unasukuma pamba yenye lami ndani ya ufa kwa patasi butu, unagonga, unasonga mbele upana wa kidole. Mikono iko na kazi, macho hayana. Nilikuwa nimekaa huku miaka kumi na minne bila karatasi ya kuonyesha kwamba mimi ni mutu wa huku. Nilioa huku, na watoto wangu watatu walinishinda Kibemba. Nilisoma mpaka darasa la tano. Nyumba yangu ilikuwa na vyumba viwili, na cha tatu kilikuwa kuta bila paa. Muke wangu akipita kando ya zile kuta alikuwa anasema, si kwa ubaya, "Hata wewe baba, Mungu alikuacha katikati." Tunacheka. Lakini neno kama lile linabaki ndani.

Hizo mia zilitoka kwenye maneno na kaka mukubwa wa muke wangu. Nitamuita shemeji tu. Alikuwa na mato mawili na nyavu, mutu wa kucheka, na Kiswahili alijifunza kwa kuuza samaki kwa Wakongomani. Ilikuwa Desemba, uvuvi umefungwa mpaka mwisho wa Februari kama kila mwaka, mato yote yamevutwa juu ya muchanga, na mimi ndiyo wakati wangu wa kazi mingi. Aliketi juu ya bwato wake akiniangalia.

"Mulamu," akasema, maana ndivyo Kibemba kinavyomuita shemeji, "unaangalia nini kila saa? Nyundo itakula kidole."

"Ndeke."

"Ndeke za hapa? Ziko tatu. Ile inakula samaki, ile inaiba samaki, na ile inanyea bwato wangu."

"Ziko mia," nikasema. Sijui kwa nini nilisema mia. Sikuwa nimehesabu hata kumi.

"Mia! Uongo wa Kongo huo! Nionyeshe hiyo mia."

"Mwaka kesho ukiisha, nitakuonyesha."

"Utaishia kumi na moja. Kama ile nyumba."

Lazima niseme haki yake: alisema kwa kucheza, na kesho yake alikuwa amesahau. Mimi ndiye niliyelibeba mpaka nyumbani.

Nilinunua kaye, daftari la shule, na penseli. Nikaweka sheria, kwa sababu najijua, bila sheria ningejidanganya. Ya kwanza, kusikia sauti si kuona. Ya pili, niandike siku ile ile, maana kesho kichwa kinaongeza rangi. Ya tatu, nikiwa na mashaka, nifute. Nusu ya ndeke sikujua majina yake kwa lugha yoyote, kwa hiyo niliandika jinsi zilivyo: ile inayotembea juu ya majani ya maji kwa vidole virefu, ile inayosimama hewani ikipiga mabawa halafu inaanguka kama jiwe. Niliandika pia zilikuwa ngapi, zimetoka wapi, zimeenda wapi. Hakuna aliyenifundisha kuandika hivyo. Niliona tu kwamba daftari za wachuuzi wa samaki zinaandikwa hivyo, kutoka wapi, kwenda wapi, na nikadhani ndiyo njia ya kuandika kitu chochote.

Mwezi wa tatu nilikuwa na arobaini na moja. Mwezi wa tano nikagundua kosa. Kuna ndeke moja ndogo, wakati wa mvua ni nyeusi na mukia mrefu kama utepe. Nilikuwa nimeiandika. Mvua zilipokatika nikaandika nyingine ya rangi ya majani makavu, iliyokuwa inakaa kwenye matete yale yale. Siku moja nikaona moja iko katikati, mukia umebaki nusu, manyoya meusi yanaondoka kama nguo ya kukopa. Kumbe ni ile ile. Nilikaa na penseli muda murefu. Hakuna mutu duniani angejua. Nikafuta. Muke wangu akaniuliza kwa nini nimenuna, nikamwambia nimepoteza ndeke moja. Akasema, "Iko wapi? Tuitafute."

Yeye alikuwa anaicheka ile kaye, lakini kwa upole. Kuna jambo la zamani kati yetu. Kwa Kibemba, kupenda ni kuhesabu. Wakati ninamutafuta, sijakijua Kibemba vizuri, nilimwambia kwa Kiswahili changu "nakupenda," na yeye akanijibu, "Unanihesabu? Si niko moja tu?" Kwa hiyo akiniona na kaye alikuwa anawaambia watoto, "Baba yenu anapenda leo." Na wote wawili tulijua kwamba neno linasema mara mbili.

Mwezi wa sita nilipata kazi Chisenga, kisiwani, kuziba mato matatu kwenye kambi ya wavuvi. Nilikaa siku tisa. Kule niliona aina kumi na tisa ambazo sikuwa nazo. Moja ilikuwa na mudomo wa chini murefu kuliko wa juu, ilipita juu ya maji ikiyapasua kama mukasi unaopasua kitambaa, na mimi niliacha nyundo ikaanguka majini. Nilizama kuitafuta nikiwa ninacheka peke yangu. Naandika hili kwa sababu sitaki musomaji afikiri mwaka ule wote ulikuwa mubaya.

Halafu mwezi wa nane vita ilianza tena ng'ambo.

Watu walianza kuvuka na magodoro, na cherehani, na kuku waliofungwa miguu. Usiku mato yalifika mengine yamejaa maji, asubuhi nikawa ninayaziba. Watu wa Nchelenge waliwapokea, nimeona kwa macho, walitoa unga wao. Lakini woga pia ulivuka ndani ya mato yale. Kila siku kulikuwa na habari: wanajeshi wamefika hapa, wamefika pale, na kati yetu kuna wenye kuangalia na kupeleka maneno. Mimi nilikuwa Mukongomani bila karatasi, ninayesimama kando ya ziwa kila asubuhi na penseli. Mutu mwenye akili angeacha. Muke wangu aliniambia niache. Nilikuwa na themanini na mbili. Nikamwambia, "Kumi na nane tu, mama watoto." Sasa nikikumbuka jibu lile ninaona aibu.

Asubuhi moja ya mwezi wa tisa nilikuwa nimelala ndani ya matete tangu giza, ninangoja mwari, zile kubwa zenye mufuko chini ya mudomo. Zilishuka nyingi, nikaanza kuzihesabu. Juu sana ikapita ndeke ya chuma. Sauti yake ilikuja nyuma yake, na mwari wote wakaruka. Nilikasirika kama mutoto. Nikaandika: "Ndeke moja ya chuma, saa mbili asubuhi, kutoka kusini kwenda ng'ambo. Imenifukuzia mwari." Sikuiweka kwenye hesabu. Niliandika kwa hasira tu. Lakini niliandika.

Nilipotoka kwenye matete nilikutana na mama mumoja muzee, mukausha samaki, jirani wa kazi, chanja yake ilikuwa karibu na mahali pangu pa kuzibia. Alikuwa ameangalia juu na yeye. Watoto wa binti yake walikuwa wamevuka kutoka ng'ambo wiki ile, bila mama yao. Aliniuliza kwa Kibemba ninafanya nini mule ndani ya matete. Na mimi, nikiwa bado na hasira, baada ya miaka kumi na minne ya Kibemba, nikamujibu, "Ndependa indeke."

Nilitaka kusema ninahesabu ndeke. Neno la kuhesabu nililisema kwa Kibemba. Ndeke nikaitoa kwenye Kiswahili changu na kuivalisha Kibemba. Lakini ndeke ya manyoya kwa Kibemba ni icuni. Indeke ni ile ya chuma peke yake. Nilikuwa nimemwambia, uso kwa uso, saa ile ile ambayo moja imepita, "Ninahesabu ndeke za chuma." Nikamupita. Sikujisikia hata nilichosema.

Siku ya tatu hedimani, mukubwa wa kijiji, alituma watu. Ilikuwa mchana, jua kali. Hawakunipiga, nasema hivyo kwa sababu baadaye wengine walisema nilipigwa. Walichukua kaye nyumbani na kunikalisha kwenye mukeka uani kwa hedimani. Watu walikuwa wamejaa. Muke wangu alisimama nyuma na mutoto wa mwisho mugongoni. Yule mama akaulizwa, akasema alichokisikia, neno kwa neno, bila kuongeza kitu.

Hedimani hakujua kusoma Kiswahili. Akauliza nani anajua. Watu wote wakamuangalia shemeji. Akasimama, akapewa kaye yangu.

Akaanza kusoma, kila mustari kwa Kiswahili, halafu kwa Kibemba. "Ndeke mbili kubwa, nyeusi, zimetoka ng'ambo asubuhi, zimeshuka Chisenga." Watu wakasogea karibu. "Ndeke nyeupe, kumi na sita, kwa mustari, zinaelekea Kilwa, ng'ambo." Mutu mumoja akasema, "Mmeona!" Nilisikia maandishi yangu kwa sauti ya mutu mwingine na mimi mwenyewe nikaogopa. Ningekuwa mimi ni hedimani, ningejifunga.

Shemeji akafungua ukurasa mwingine, akatazama, midomo ikaanza kucheka. "Ndeke moja, tumbo jekundu, imemeza chura, chura alikuwa bado anapiga miguu." Akainua kichwa. "Hedimani, niambieni, ni jeshi gani lina ndege inayokula chura?"

Watu wakacheka. Akasoma nyingine: "Ndeke ya kijani, imejikuna kichwa kwa muguu." Wakacheka zaidi. Akawaeleza kwamba sisi wa ng'ambo tunaita icuni ndeke, kwamba mimi naanza mwaka wangu na ndeke na kumaliza na ndeke, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenichokoza mbele ya bwato wake, na kama kuna mujinga wa kufungwa basi wafungwe wawili. Hedimani na yeye akacheka. Nilianza kupumua.

Shemeji akaendelea kugeuza. Nilijua ukurasa uliobaki. Nilimuona anaufikia. Macho yake yalikwenda chini, yakasimama. Halafu kidole chake kikashika karatasi mbili pamoja, akazigeuza kama moja, na akasoma habari za bata.

"Zote ni fyuni?" hedimani akauliza. "Zote kabisa?"

Shemeji akainua mukono wa kuume mbele ya watu wote. "Fyonse fyuni," akasema. Zote ni ndeke za manyoya.

Hedimani akanigeukia mimi. "Ni hivyo?"

Mimi niliyefuta ndeke moja kwa sababu ya mukia, nikasema, "Ni hivyo."

Aliamua kwamba kaye ibaki kwake, kwamba nisionekane tena na penseli kando ya maji, na kwamba shemeji ndiye atakayejibu juu yangu. Nadhani alihukumu vizuri kwa yale aliyoyajua. Halafu akamwambia yule mama aniombe musamaha, kwa kuniletea jina baya. Mama yule alipiga magoti mbele yangu, na umri wake ule, akapiga makofi taratibu kama desturi yao inavyotaka. Nilimwambia hakuna neno. Hakunitazama.

Kuanzia siku ile watoto wa kando ya ziwa walimupa jina: Bana Indeke, mama wa ndeke za chuma. Akipita na beseni lake, wanafungua mikono kama mabawa na kunguruma. "Bana Indeke! Ile inapita, kimbia!" Watu wazima waliwafukuza, lakini na wao walikuwa wanageuka kuficha meno. Wanunuzi wakiuliza bei walikuwa wanamutania: "Samaki huyu si icuni, mama? Umemuona vizuri?" Na yeye alikuwa hajakosea. Alisikia kile nilichokisema, na aliona kile kilichopita juu. Katika uwanja ule wote, mutu aliyesema ukweli mutupu alikuwa yeye.

Hesabu ilisimama kwenye themanini na saba. Niliona nyingine baada ya pale, macho hayafungwi na hedimani, lakini sheria yangu ilisema niandike siku ile ile, na sikuwa na ruhusa ya kuandika. Kwa hiyo hazimo. Sijui kama hiyo ilikuwa haki au ni kiburi cha mutu aliyekwisha kusema uongo mukubwa na sasa anashika sana sheria ndogo.

Desemba shemeji alileta bwato wake. Nilifanya kazi nusu siku. Mwishoni nikamwambia, "Shemeji, ile siku uligeuza karatasi mbili."

"Vidole vyangu viko na lami."

"Siku ile vilikuwa safi."

Akaendelea kuangalia maji. "Mi najua Kiswahili ya samaki tu, mulamu. Kilo ngapi, bei gani. Mambo mengine sisomi."

"Ulisoma. Nilikuona."

"Bon, nilisoma! Ulitaka nifanye nini? Dada yangu amesimama pale na mutoto mugongoni. Nisome kwa sauti, halafu nikupandishe mimi mwenyewe kwenye bwato nikurudishe kule kwa risasi?"

"Nataka kwenda kwa hedimani kumwambia. Ju ya ule mama. Banamucheka na alikuwa na haki."

Akageuka. Ile sura ya kucheka ilikuwa imeondoka, na nikajua sikuwahi kumuona bila hiyo. "Enda," akasema. "Utalala vizuri. Na huu mukono?" Akauinua, ule wa kuume. "Huu niliuinua mbele ya batu. Hapa mi nauza samaki ju batu banaamini mudomo yangu. Ukweli yako itakaa wapi, mulamu? Itakaa juu ya kichwa yangu. Unataka kuoga, na maji unachota kwangu."

Alikuwa na haki. Na mama yule alikuwa na haki. Nimejaribu mara mingi kuziweka hizo haki mbili juu ya mizani moja, na kila mara ile iliyo karibu na nyumba yangu ndiyo inayokuwa nzito. Hapo ndipo ninapojiogopa. Sikwenda kwa hedimani.

Nilikwenda kwa mama. Ilikuwa siku chache kabla ya Krismasi, uvuvi umefungwa, alikuwa na samaki wachache wa zamani anawarudishia moshi wasiingie wadudu. Nilichuchumaa kando ya chanja. Nikachagua kila neno la Kibemba kama mutu anayevuka mutoni juu ya mawe, ili safari hii nisikosee.

"Mama," nikasema, "kwenye ile kaye kulikuwa na moja ya chuma. Ile uliyoiona. Niliiandika. Wewe hukusema uongo."

Hakushangaa. Alipuliza moto kwanza.

"Najua sikusema uongo," akasema. "Nilikuwepo. Utawaambia?"

Nikamwambia kuhusu shemeji, kuhusu mukono wake, kuhusu watoto wangu, kuhusu karatasi nisizokuwa nazo. Nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hutawaambia."

"Siwezi, mama."

"Sasa kwa nini unaniambia mimi?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli, na alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya uani. Nilitafuta jibu kwa Kibemba, nikalitafuta kwa Kiswahili. Nyuma yetu, upande wa mato, mutoto mumoja alianza kunguruma, na wenzake wakamufuata. Mama akashika samaki kwa mukia, akamugeuza upande wa pili.